Nyumba Aliyoiombea Baba

Kitinda wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za mikono miwili, mimi dada yako niliyekaa kimya miaka tisa na ushee. Hujambo mama? Hajambo binti yako? Na yale magoti yako, bado yanakutabiria mvua kabla redio haijasema? Mimi naweza kusema sijambo, kwa maana ya kwamba nasimama, natembea na kazini nakwenda. Shemeji yako naye ni mzima, bado fundi bomba, bado anarudi nyumbani na viatu vilivyolowa na kuniapia kwamba alivivua mlangoni. Anakusalimu sana. Juzi ndiye aliyeninunulia karatasi hizi.

Najua utajiuliza anwani yako nimeitoa wapi. Nitakueleza, ila niruhusu nifike huko kwa hatua zangu, maana hapo ndipo penye uzito wa barua hii.

Lakini kuna jambo moja siwezi kulichelewesha. Kama umesimama, vuta kiti ukae. Baba ametutoka. Leo ni wiki ya sita. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, kitandani kwake, chumba kile cha dirisha la uani. Hakuteseka sana. Moyo ulikuwa umechoka tangu mwaka jana, daktari alishatuambia, na asubuhi hiyo alikunywa nusu kikombe cha chai, akasema imepoa, nikaenda kuipasha. Niliporudi nikamkuta amegeukia ukutani. Nilidhani amelala. Nilimwita mara mbili nikiwa nimeshika kikombe.

Tumemzika karibu na mama. Wateja wake wa zamani walikuja wengi hata mimi nikashangaa, watu wazima wenye vipara wakisimulia jinsi baba, kinyozi wao, alivyowanyoa siku yao ya kwanza ya shule. Mmoja alisema hajawahi kumruhusu mtu mwingine kumpitishia wembe shingoni, akalia kama mtoto. Watu waliniuliza uko wapi. Nikawajibu uko mbali.

Sasa nikusimulie miaka hii, maana umeikosa, na mtu ana haki ya kujua nyumbani kwao kulikuwaje.

Ulipoondoka, baba hakukutaja kwa muda mrefu. Unakumbuka siku yenyewe kuliko mimi. Ilikuwa Jumamosi, saluni imejaa, naye ana mteja mwenye povu nusu uso. Ukaingia na ile barua ya zahanati, mimba ya miezi minne, ukadhani mbele ya watu atajizuia. Hakujizuia. Alikwambia utoke, kwamba nyumba yake aliiomba kwa Mungu na hataiacha iwe kichekesho cha mtaa. Nami nilikuwa pale, nimeshika beseni la maji ya moto, nikitazama sakafu iliyojaa nywele. Sikufungua mdomo. Mimi niliyekusuka nywele tangu mama alipofariki, niliyekufunga kamba za viatu, nilisimama na beseni langu mpaka ulipovuka barabara.

Maombi yake ya asubuhi hakuyaacha. Unayakumbuka: chai ikishanywewa, kabla hajachukua mkoba wa vifaa, anaweka viganja juu ya meza na kufumba macho. Alianza wiki ile tuliyomzika mama, baada ya mhubiri kutusomea habari za mfalme aliyeahidiwa kwamba nyumba yake, yaani uzao wake, haitakatika, naye akaenda akaketi mbele za Mungu, akamwomba atimize. Baba alilishika neno lile kama mtu aliyeshikwa mkono gizani. Alikuwa akisema, “Mimi siombi kwa sababu ninastahili. Naomba kwa sababu Yeye ndiye aliyesema.” Halafu anatutaja, mimi kwanza, wewe wa pili, na watoto wetu, na watoto wa watoto wetu ambao hata hatukuwa nao, na sisi tunakanyagana miguu chini ya meza tusicheke.

Basi asubuhi moja, kama mwaka na nusu baada ya wewe kuondoka, alifika kwenye neno nyumba akakwama. Nilidhani amesahau. Nikafumbua macho nikakuta naye ameyafumbua, ananitazama. Kisha akaniambia mimi, si Mungu, kwamba anamsumbua Mwenyezi bure, anamwomba aisimamishe nyumba ambayo yeye mwenyewe ameibomoa upande mmoja. Tangu siku hiyo jina lako lilirudi mezani, na halikutoka tena. Alikutafuta, Kitinda. Alikwenda kwa yule mwalimu wako wa ushonaji, akaenda kwa mama mwenye nyumba uliyopanga mwanzo, akaambiwa umehama na hukuacha neno.

Kisha macho yakaanza kufifia. Presha ya macho, walisema hospitalini, imechelewa kugunduliwa. Alificha kwa miezi, akinyoa kwa kupapasa, mpaka siku alipomkata sikio karani wa ardhi, mteja wake wa miaka ishirini. Karani alisema si kitu, linabaki lingine. Walicheka wote wawili, lakini jioni hiyo baba alifuta wembe, akaufunga kwenye taulo, akanikabidhi. Kile kiti cha kuzunguka tulikihamishia sebuleni, kwa kuwa hakutaka kingine, akawa anaketi humo mchana kutwa akijizungusha kidogo kidogo kwa kidole cha mguu, akisikiliza barabara.

Na mimi? Mimi bado ni dobi wa hospitali, mwaka wa kumi na nne sasa. Tunapokea mashuka asubuhi, tunayatenga, tunayachemsha, mchana tunapiga pasi na kukunja. Mashuka ya wodi ya wazazi ni madogo, yanakunjwa mara nne, na kila mwenzangu anajua kwamba hayo nisipewe mimi. Mimba tatu zimetoka, Kitinda. Ya kwanza unaijua. Mbili zilizofuata hukuzijua. Kila mara baba aliniambia tusubiri, ahadi haijafutwa, na kila mara nilimwamini, kwa sababu kumwamini baba kulikuwa rahisi kuliko kuketi peke yangu na lile tumbo tupu.

Miaka miwili iliyopita nikashika ya nne. Safari hii ikapita mwezi wa tatu, ikapita wa nne. Nilianza kutembea nimeinua kichwa. Nikachagua jina, la mama yetu, maana moyo uliniambia ni msichana. Sikumwambia mtu, hata shemeji yako. Nililiweka.

Mwezi ule ule ndipo alipotujia Honi. Unamkumbuka Honi, yule dereva wa lori la saruji aliyekuwa jirani yetu, asiyeweza kupita mlangoni kwa mtu bila kupiga honi mtaa mzima utoke? Aliingia sebuleni akiwa na habari mdomoni hata salamu ilimshinda. Alikuwa amepeleka mzigo kwenye mji wenu, suruali ikampasukia, akaelekezwa kwa fundi mmoja, na fundi mwenyewe akawa wewe. Alisema una cherehani tatu na wanafunzi wawili. Alisema una binti wa miaka saba anayeandika kwa mkono wa kushoto kama babu yake, na akicheka anafunika mdomo kwa kiganja. Baba akauliza anaitwa nani. Honi akalitaja jina. Jina la mama.

Baba alisimama kwenye kile kiti, kikazunguka kikamgonga nyuma ya magoti, akaketi tena bila kupenda. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Alimfanya Honi alirudie jina lile mara tatu. Akasema, “Unasikia, mwanangu? Kuna meza huko ambako mama yenu anaitwa kila siku.” Mimi nilisema nimesikia.

Honi akatoa kipande cha karatasi, nyuma ya hati ya kupokelea saruji, chenye sanduku lako la posta. Alisema hukumpa namba ya simu, ulimwambia kwamba mtu wa kwenu anayekutaka na aketi chini aandike kama mtu mwenye adabu. Baba alicheka zaidi, akasema huyo ndiye Kitinda wake kabisa. Akanipa karatasi mimi. Akasema, “Andika leo. Mwambie mimi ndiye niliyekosa, si yeye. Asije kwa kunihurumia mimi kipofu, aje kwa sababu hapa ni kwake. Na huyo mtoto ni wa nyumba hii, wala asiingie kwa mlango wa nyuma.” Maneno ni yake yote, nimeyabeba miaka miwili na hayajanipotea hata moja.

Honi alihamishiwa kwenye barabara nyingine baada ya hapo, hakurudi tena kwetu. Ikabaki mimi na karatasi.

Najua unasoma na kujiuliza hiyo barua ilikwenda wapi, kwa kuwa hukuipata. Mdogo wangu, haikuandikwa.

Niliketi mezani na kalamu, naye ameketi mbele yangu anasikiliza. Alitamka taratibu ili nisiachwe. Na mimi nilipitisha kalamu kwenye karatasi, mistari tu, mawimbi kama anavyochora mtoto asiyejua kuandika, ili asikie sauti ya kuandika. Alipomaliza aliniomba nimsomee. Nikamsomea kutoka kichwani, neno kwa neno. Akasema nimeandika vizuri. Akapapasa mpaka akaipata karatasi, akaweka kiganja juu yake na kuiombea. Aliombea mawimbi yangu, Kitinda, ili yafike salama.

Usiniulize kwa nini, maana jibu ni baya na nitakupa. Miaka yote nilimsikia baba akiomba nyumba isiyokatika, na miaka yote nilijua nyumba hiyo itapitia kwangu. Wewe ulifukuzwa, mimi nilibaki. Wewe uliharibu, mimi nilifua, nilipika, nilimshika mkono kumpeleka chooni. Halafu mtoto anatokea kwako, bila maombi, bila kusubiri, na jina la mama mkononi, jina nililokuwa nimelificha kwa ajili ya wangu. Nilijiambia nitaandika nikishajifungua. Acha kwanza wangu aingie mezani, wako atafuata. Na nikiwa mkweli hadi mwisho, hata siku ile ya beseni sikunyamaza kwa sababu ya kumheshimu baba. Nilikuwa na miaka mitatu kwenye ndoa na sina kitu, na wewe ulisimama pale na tumbo lako. Sehemu yangu moja ilifurahi.

Wangu alizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba, msichana kama nilivyosema. Aliishi siku mbili. Nilimwona kupitia kioo, amefunikwa na moja ya yale mashuka madogo, na kwa mara ya kwanza nililitambua pindo nililolishona mwenyewe miaka ya nyuma, kabla sijaanza kuyakwepa. Muuguzi aliniuliza jina la kuandika. Nikafungua mdomo, jina la mama halikutoka, nikahisi kama ninamwibia mtoto wa mtu. Wakaandika mtoto wa fulani. Ndivyo alivyozikwa.

Baba alikuja kaburini ameshikwa mkono na shemeji yako. Kesho yake asubuhi aliweka viganja mezani kama kawaida na kuanza kushukuru. Nikashindwa. Nilimkatiza, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Nikamwambia, “Baba, hiyo nyumba unayoiombea iko wapi? Tuko watu watatu na kuta nne.” Hakukasirika. Akajibu, “Iko hapa unapolia, na iko kule aliko mdogo wako. Mungu anaihesabu vipi mimi sijui. Najua alichosema.” Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama jibu lako bado halijafika.

Ningeweza kusema bado. Nilikuwa nimesema bado kwa miezi mitatu. Lakini asubuhi hiyo nilitaka na yeye aumie kama mimi. Nikamwambia limefika. Nikamwambia umejibu kwamba hututaki, mimi wala yeye, na kwamba mtoto wako hana babu.

Hayo niliyasema mimi, Kitinda. Kwa kinywa hiki. Nilikutengenezea maneno na kuyaweka mdomoni mwako, kisha nikampa baba ayanywe.

Kiti hakikuzunguka. Mwishowe akasema tu, “Ana haki.” Akaomba apelekwe kitandani, ilikuwa hata saa tatu haijafika.

Nilidhani hapo ataacha. Kesho yake nikamkuta ameshafika mezani mwenyewe kwa kupapasa ukuta, chai haijachemka. Aliweka viganja. Akanitaja mimi, akakutaja wewe, akamtaja binti yako kwa jina, akamwomba Mungu aibariki nyumba yake na isikatike mbele zake, kwa kuwa Yeye ndiye aliyesema. Hakubadilisha neno. Hakumwomba Mungu akusamehe wala akugeuze moyo. Alikuombea kama mtu anayemwombea mtoto aliye chumba cha pili. Na hivyo kila asubuhi, mwaka na miezi minane. Kila asubuhi niliketi pale nikasema amina, na kila asubuhi nilifungua mdomo kumwambia ukweli, nikaufunga. Nilijua nikisema atafurahi, na atajua pia mimi ni nani. Hilo la pili ndilo lililonishinda. Jumanne ile nilipokwenda kupasha chai, nakuapia nilikuwa nimeazimia. Niliisimamia sufuria nikipanga maneno. Unajua nilichokikuta.

Alikufa anaamini umemkataa. Naandika hivi ili isionekane nimeruka mahali.

Tangu mazishi sijaweza kuomba. Nilijaribu kuweka viganja juu ya meza, nikaviona ni viganja tu. Juzi nikamwambia shemeji yako yote, kama nilivyokwambia wewe. Alinisikiliza hadi mwisho. Akachukua mkoba wake wa vifaa akaenda kazini, nikadhani ndiyo basi. Alirudi mchana, saa ambayo harudi kamwe, akaweka karatasi na bahasha mezani na kusema, “Andika. Na safari hii andika kweli.”

Kitinda, sikuombi unisamehe. Kwanza mlilie baba, una deni la machozi ambalo mimi ndiye niliyekuzuia kulilipa. Baadaye ukitaka kunitukana, andika, nitasoma kila neno, na yatakuwa yako kweli. Nyumba ni yako na yangu, aliacha hivyo mbele ya karani wa ardhi, yule wa sikio, tangu kabla Honi hajaja. Chumba chako nimekifagia. Usipokuja, kitaendelea kufagiwa.

Kuna jambo moja lililonijia jana nikikunja mashuka, nikalazimika kuketi juu ya furushi. Binti yako hataniita shangazi wala jirani. Kwa desturi ya lugha yetu mimi ni mama yake mkubwa. Miaka yote hiyo niliyokuwa nikimlilia Mungu anipe mtoto, nilikuwa naye, anakua, anaota meno, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na mimi ndiye niliyekuwa nimemfungia nje. Baba alilijua hilo. Alipowataja watoto wetu hakuwahi kusema wa huyu na wa yule.

Leo asubuhi, kabla sijaanza kuandika, nimeomba. Sikuomba vizuri. Nilisema tu kwamba mimi sina ninachostahili kudai, ila Yeye alisema, na kwamba anitazame hata kama haniachii niinue uso. Nikakutaja wewe. Nikamtaja mwanetu kwa jina lake, kwa sauti, kwa mara ya kwanza. Halikunikwama.

Naishia hapa, mkono umechoka na posta inafunga saa kumi. Wasalimie wanafunzi wako, na umsalimie mwanangu. Usimwambie niliyoyafanya mpaka awe mkubwa wa kuyabeba, lakini siku hiyo ikifika, usinifichie. Kwa sasa mwambie alikuwa na babu kipofu aliyemfahamu kwa jina, na aliyemtaja mbele za Mungu kila asubuhi mpaka Jumanne aliyokufa.

Ni mimi, niliyekusuka nywele na kukukosea,

Dada yako.